Ada ya kusimama darasani

Leo nimelipa awamu ya mwisho ya ada ya muhula huu katika chuo ninachosomea ualimu, hapa Marekani. Krediti 12, yaani vipimo ambavyo chuo huhesabia masomo na ada, kwa bei ileile ya krediti za kukaa ukumbini kumsikiliza profesa, wakati muhula mzima sijakanyaga ukumbi wowote. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la nne, tangu kengele ya asubuhi mpaka watoto wapande basi.

Juzi mtoto mmoja aling'ang'ania kwamba 1/4 ni kubwa kuliko 1/3, kwa kuwa nne inaizidi tatu. Nikampa karatasi mbili zinazolingana, moja aikate vipande vinne, nyingine vitatu. Akaweka kipande juu ya kipande, akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe wakigawana wengi, kila mtu anapata kidogo." Nilirudi nyumbani na furaha ambayo sijui kuieleza. Kazi hii naipenda.

Ndiyo maana ile ankara inaniuma. Msimamizi kutoka chuoni amekuja mara tatu tu, ingawa siku alizokuja alinisaidia kweli: yeye ndiye aliyeona kwamba nauliza swali na kulijibu mwenyewe kabla watoto hawajafikiri. Siku nyingine zote ninafunzwa na mwalimu mwenyeji, yaani mwenye darasa hilo, ambaye aliniambia kwamba anachopata ni kifuta jasho tu. Jioni nauza dukani mpaka saa nne usiku, ndipo nakaa kuandika andalio la somo la kesho. Chuo kilitushauri tuache vibarua muhula huu. Kodi ya nyumba tuilipe na nini?

Na huwezi kukwepa. Kwa njia hii ya chuo, bila mazoezi haya hupati leseni ya ualimu. Na hapa Marekani, ukiziacha krediti hizi ukashuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, saa ya mkopo wa serikali kuu inaanza kuhesabu. Kwa kawaida baada ya miezi sita unatakiwa kurejesha.

Mwenzangu anayesomea masoko yuko kwenye mafunzo ya kazi katika kampuni ya biashara, halipwi, naye ananunua krediti. Tulikaa tukasoma pamoja vigezo saba ambavyo Idara ya Kazi ilivitangaza Januari 2018, vya kupima kama mwanafunzi kwenye kampuni ya namna hiyo anastahili mshahara. Hakuna kimoja kinachoamua peke yake, lakini kimojawapo kinauliza kama mafunzo yamefungamana na masomo yake, kwa mfano kwa kumpatia krediti. Yaani krediti anayoilipia yeye inaweza kuwa hoja ya mwajiri ya kutomlipa. Tulirudia kusoma sentensi ile mara mbili.

Kwingine wameanza kulirekebisha. Jimbo la Michigan huwapa walimu wanafunzi wanaotimiza masharti hadi dola 9,600 kwa muhula. Australia, tangu Julai 2025, wanafunzi wa ualimu, uuguzi, ukunga na ustawi wa jamii wenye uhitaji hupata zaidi ya dola 300 za huko kwa wiki wakiwa kwenye mafunzo ya lazima. Sisemi chuo kifanye kazi bure. Nataka nilipie kile ninachopewa, na mwalimu mwenyeji apate fungu la haki.

Jumatatu msimamizi anakuja kwa mara ya nne. Nimemwandikia kumwomba nusu saa baada ya somo, anieleze ada yangu inagawanywaje. Ankara nimeshaiweka ndani ya daftari la maandalio.