Somo wa Jumuiya Yetu na Mahali Pake katika Mwaka wa Kanisa

Mwaka huu wa 2026 tarehe 8 Februari, siku ambayo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, iliangukia Dominika, yaani Jumapili, ya 5 ya Mwaka A wa masomo ya Misa, na kwa sababu hiyo jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, ambayo yeye ndiye somo wake, yaani mtakatifu msimamizi wake, haikupata Misa yenye sala zake. Padre alivaa kijani kama Dominika nyingine zote za kipindi hicho, masomo yakawa ya Dominika, na jina la Bakhita likasikika tu katika sala ya waamini na katika matangazo. Baadhi ya wanajumuiya, hasa akina mama waliokuwa wameshona vitenge vya somo mapema na kuvitunza kwa siku hiyo, waliumia, na swali lililoulizwa tulipokutana kwa sala ya jumuiya wiki iliyofuata lilikuwa la haki kabisa: inakuwaje mtakatifu akose siku yake mwenyewe? Nililijibu kwa kifupi jioni ile, lakini naona linastahili jibu refu zaidi, kwa sababu ndani yake mna jambo kubwa kuhusu namna tunavyowaheshimu watakatifu wetu.

Kanisa hupanga maadhimisho yake kwa ngazi: sherehe, sikukuu na kumbukumbu, na kumbukumbu zenyewe zipo za lazima na za hiari. Katika kalenda ya Kanisa zima Bakhita amewekewa kumbukumbu ya hiari, siku moja na Mtakatifu Yeronimo Emiliani. Dominika iko juu sana ya ngazi hiyo, kwa kuwa kila Dominika ni siku ya Ufufuko, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika hati yake juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, ulisema wazi kwamba sikukuu za watakatifu zisipewe uzito kuliko maadhimisho ya mafumbo yenyewe ya wokovu. Sherehe ikigongana na siku kubwa kuliko yenyewe huhamishiwa siku nyingine: mwaka 2023 Mtakatifu Yosefu alihamia Jumatatu tarehe 20 Machi kwa sababu tarehe 19 ilikuwa Dominika ya Kwaresima, na mwaka 2024 Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, iliyokuwa imeangukia Jumatatu ya Juma Kuu, ilisogezwa hadi tarehe 8 Aprili. Kumbukumbu haihamishwi, ikizuiwa, basi kwa mwaka huo imepita. Kama parokia nzima ingekuwa chini ya ulinzi wa Bakhita, mambo yangekuwa tofauti, kwa maana siku ya somo wa kanisa huwa na ngazi ya sherehe ndani ya kanisa hilo na inaweza kuadhimishwa hata katika Dominika ya Mwaka, yaani zile za kawaida za rangi ya kijani. Jumuiya ndogo ndogo haina ngazi hiyo. Wenzetu wa jumuiya zenye somo Mwenyeheri Anuarite walikutana na jambo hilohilo mwaka 2024, pale siku yake, tarehe 1 Desemba, ilipokuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kungojea Noeli.

Hayo ndiyo maelezo ya kanuni, na mtu anaweza kuyakubali huku moyo wake ukibaki umenung'unika. Mimi mwenyewe kilichonituliza ni masomo ya Misa ya siku ile. Somo la kwanza lilitoka Isaya sura ya 58, ambamo Bwana anawataka watu wake wamgawie mwenye njaa chakula, wamkaribishe nyumbani asiye na makao na kuiondoa nira kati yao. Injili ilikuwa ya Mathayo: "Ninyi ni chumvi ya dunia." Anayeyafahamu maisha ya Bakhita hawezi kuyasikia maneno hayo mawili, nira na chumvi, bila kusimama kidogo.

Bakhita alizaliwa mnamo mwaka 1869 huko Darfur, Sudan. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, na mshtuko wa kutekwa ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alilisahau jina alilopewa na wazazi wake. Jina tunalomwita, lenye maana ya mwenye bahati, alipewa na watekaji. Aliuzwa na kuuzwa tena. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki aliyekuwa akiishi El Obeid, iliamriwa kwamba yeye na watumwa wenzake wachanjwe alama mwilini. Alisimulia baadaye, akiwa mtawa, jinsi ilivyofanyika: mwanamke mwenye kazi hiyo alichora mistari kwa unga mweupe juu ya ngozi, akaufuata kila mstari kwa wembe, kisha chumvi ikamwagwa na kusuguliwa ndani ya majeraha ili makovu yakae wazi maisha yote. Mikato ilikuwa 114, tumboni, kifuani na kwenye mkono wa kulia. Huyo ndiye somo wetu, na hiyo ndiyo chumvi aliyoijua kwanza kabla hajaisikia Injili.

Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, Callisto Legnani, aliyemtendea kwa utu, na mwaka 1885 akavuka bahari kwenda Italia, ambako alikabidhiwa kwa familia ya Michieli awe yaya wa binti yao mdogo. Bibi wa nyumba aliposafiri, Bakhita na mtoto waliachwa kwa Masista Wakanosa mjini Venice, na hapo ndipo alipoanza kufundishwa dini. Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Jambo lilifika mbele ya wakuu wa serikali na wa Kanisa, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haikutambua utumwa, na kwa hiyo alikuwa mtu huru wa kuamua atakapo. Aliamua kubaki. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri zake za kitawa mwaka 1896, na tangu mwaka 1902 sehemu kubwa ya maisha yake ikapita Schio, mji wa kaskazini mwa Italia, akiwa mpishi, mtunza sakristia, kisha mlinda mlango wa konventi, nyumba ya watawa, ambapo watoto waliokuja shuleni walizoea kuwekewa mkono wake kichwani. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Katika homa ya siku zake za mwisho alirudi utumwani kwa mawazo, akamwomba aliyemuuguza amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu naamini ibada kwa mtakatifu huanza kwa kumjua. Sisi tunaoishi katika nchi hii tuna sababu ya pekee ya kumjua Bakhita. Misafara ya watumwa kutoka bara ilishukia Bagamoyo, na ni hapohapo ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watoto waliokombolewa; wakati Bakhita angali mtoto huko Sudan, watoto waliokuwa wamepitia mateso kama yake walikuwa wakifundishwa sala Bagamoyo. Siku yake imefanywa pia kuwa siku ya Kanisa zima ya kusali na kutafakari dhidi ya biashara haramu ya binadamu, na nani kati yetu asiyemfahamu binti aliyeletwa mjini kwa ahadi ya shule akaishia kufanya kazi za ndani bila mshahara? Tunapoimba litania na kusema "utuombee", tungalipaswa kuwa na sura ya binti huyo mbele yetu.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda halitapendwa na kila mmoja. Maandalizi ya siku ya somo, katika jumuiya nyingi nilizozifahamu, yamekuwa maandalizi ya michango, sare, keki na pilau, na novena, yaani sala za siku tisa kabla ya siku yenyewe, imewekwa mwishoni kama kitu cha kumaliziwa haraka watu wakiwa wamechoka. Sina neno juu ya vitenge wala pilau. Kula pamoja na majirani baada ya Misa ni sehemu ya furaha ya Kikristo, na mjane anayeketi kwenye mkeka mmoja na mwenyekiti wa jumuiya siku hiyo anajua kuwa ni mtu wa familia. Lakini nimewahi kuwauliza vijana wa Kipaimara somo wa jumuiya yao alikuwa nani, nao wakanijibu rangi ya kitenge chake. Jibu hilo linapaswa kutuhuzunisha sisi wazazi na viongozi kabla ya kumlaumu kijana yeyote, kwa sababu ndicho tulichomwonyesha.

Novena ni jioni tisa, na jioni tisa zinatosha kusimulia maisha ya mtu. Kwa Bakhita huanza tarehe 30 Januari na kumalizika tarehe 7 Februari. Jioni moja inaweza kuwa ya kutekwa kwake, na baada ya simulizi tukawaombea watoto waliopotea. Nyingine ikawa ya makovu, tukawaombea wanaopigwa majumbani, jambo ambalo katika mtaa wetu si la kuulizia mbali. Nyingine ikawa ya ile siku ya Novemba aliposema "siondoki", nyingine ya miaka ya mlangoni Schio. Jioni ngumu kuliko zote itakuwa ya msamaha. Bakhita alisema kwamba kama angekutana na wale waliomteka na hata wale waliomtesa, angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa bila hayo yaliyotokea asingekuwa Mkristo wala mtawa. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake juu ya tumaini wa mwaka 2007, alimtumia Bakhita kuwa mfano wa mtu aliyekutana na tumaini kwa mara ya kwanza: aliyekuwa amewajua mabwana wenye mijeledi akamfahamu Bwana ambaye naye alipigwa. Maneno ya msamaha ule yasisomwe haraka. Ndani ya jumuiya kuna watu walioumizwa na ndugu zao, na hawapaswi kulazimishwa kusamehe kwa sababu tu tumefika ukurasa huo wa kitabu cha sala.

Jumuiya za jirani zinaweza kufanya vivyo hivyo na masomo wao. Zipo zenye jina la Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, na humo watoto wangefurahi kusikia kwamba Kizito, mdogo kuliko wote, alibatizwa na Lwanga mwenyewe siku chache kabla ya kwenda kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Natamani pia niikute jumuiya yenye somo Mwenyeheri Isidori Bakanja wa Kongo, kijana mfanyakazi aliyechapwa kikatili na msimamizi wa shamba kwa kukataa kuivua skapulari ya Bikira Maria, kitambaa cha ibada kinachovaliwa shingoni, akaugua majeraha hayo kwa miezi kadhaa, akamsamehe aliyempiga, na kufariki tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria.

Kwa wale ambao bado wanaona kwamba Dominika iliwanyang'anya, nawaomba waitazame kalenda ya mwezi Novemba mwaka huu. Tarehe 1 Novemba 2026 nayo ni Dominika, na siku hiyo mambo yatakuwa kinyume: Watakatifu Wote ni sherehe, kwa hiyo rangi ya kijani itaondoka, padre atavaa nyeupe, na masomo yatakuwa ya sherehe. Bakhita yumo katika umati ule mkubwa usiohesabika ambao Ufunuo unautaja, na vitenge vilivyobaki kabatini Februari vinaweza kuvaliwa siku hiyo bila kosa lolote. Kesho yake, Jumatatu, tutakwenda makaburini kuwaombea marehemu wetu.

Mwaka 2027 tarehe 8 Februari itakuwa Jumatatu, na Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 10, siku mbili tu baadaye. Kumbukumbu itaweza kuadhimishwa, ila kila kitu kitakuwa karibu karibu: novena itaanza Jumamosi tarehe 30 Januari, na matawi makavu ya Dominika ya Matawi ya mwaka huu, yale tuliyoyachomeka nyuma ya misalaba sebuleni, yatakuwa yanakusanywa siku zilezile ili yachomwe kwa ajili ya majivu. Tukiwa mwaka 2008 tusingekuwa na nafasi hata hiyo, maana Kwaresima ilianza tarehe 6 Februari. Napendekeza basi kwamba chakula cha pamoja kiwe Jumatatu jioni mara baada ya Misa na kisisogezwe hadi mwisho wa wiki, kwa kuwa Jumatano tutafunga. Na kwamba wasomaji wa jioni tisa wateuliwe mapema, wakiwemo vijana wa Kipaimara, kila mmoja akipewa sehemu yake ya maisha ya Bakhita aisome nyumbani kwanza hadi aielewe.