Nota za watoto: rangi saba, kisha mstari mmoja

Februari

Kila Jumamosi asubuhi nina watoto 11 katika ukumbi mdogo huku Tudor, Mombasa; nawafundisha kusoma nota. Vyombo vyetu ni rikoda, melodika mbili na kibodi moja yenye kitufe kilichokwama. Karibu nusu wametoka kwaya za kanisani, na solfa, yaani do-re-mi iliyoandikwa kwa herufi, wanaijua kama jedwali la kuzidisha: d r m f, nukta mbili kati ya mpigo na mpigo. Waliobaki hawajawahi kuona muziki ulioandikwa, ila mtoto aliyekulia kwenye kasida humwimbii mara tatu, ya pili keshaishika. Wote hao, nikiwawekea karatasi ya mistari mitano, wananitazama kama nimewapa bili ya stima.

Basi nikaanza na rangi. Sauti saba, rangi saba. Si wazo langu, huko Finland kuna mfumo mzima wa rangi na maumbo, na MuseScore, programu ya bure ninayoandikia nota, inao ndani yake. Karatasi zilipendeza mno. Kijana wa saiba akanitoza shilingi 20 kwa kila kopi ya rangi, na nyeusi ni 5. Nikalipa.

Wiki ya pili nikagundua mvulana mmoja hatofautishi nyekundu na kijani. Yaani do yangu na fa yangu kwake ni kitu kimoja. Wiki ya tatu nikawapa wimbo uleule bila rangi, ukumbi ukanyamaza kimya.

Machi

Nikajaribu herufi ndani ya vichwa vya nota. Hili nalo ni rahisi, LilyPond, programu nyingine ya kuandikia nota, inalifanya kwa amri moja tu. Walipiga vizuri siku hiyohiyo, nami nikajipongeza mpaka msichana mmoja wa miaka 10 akaniambia, "Mwalimu, mimi nasoma herufi tu. Hiyo mistari hata siiangalii."

Alikuwa na haki. Kama ni herufi, si bora nibaki na solfa? Solfa haihitaji mistari kabisa. Sarah Glover wa Norwich aliibuni, John Curwen akaisambaza Uingereza katika karne ya 19, na ilipigwa chapa kwa herufi za kawaida, ndiyo maana ilikuwa rahisi kwa bei ikaenea kwa wamisheni hadi huku kwetu. Lakini nataka watoto hawa waone sauti ikipanda na kushuka kwa macho, na "s" haipandi popote, imekaa pale pale kama "d".

Nikaacha urembo, nikageukia nafasi. MuseScore huweka 1.75 mm kati ya mstari na mstari. Nimepandisha hadi 2.5, kwa hiyo mistari mitano imekuwa na kimo cha sentimita 1 badala ya milimita 7. Karatasi zimeongezeka, ila makosa ya kuchanganya mstari na nafasi iliyo juu yake yamepungua sana. Ningeanza na hili.

Aprili, likizo

Nilimtembelea mzee mmoja Mji wa Kale, aliyepiga fidla ya taarabu kwa miaka mingi na hasomi nota hata moja. Nikamwonyesha karatasi yangu kwa majivuno kidogo. Akaniuliza yale maneno ya chini yanakwendaje, nikamsomea. Akacheka.

"Mwanangu, mbona umemkata mwimbaji pumzi katikati ya kipande?"

Nilitazama tena. Programu huvunja mistari pale karatasi inapojaa. Haijui ushairi. Maneno yangu, niliyoyatunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, ni haya:

*Feri imejaa watu, mtoto shika mkono*

Mizani 16, nane kwa nane, kama mashairi mengi ya kwetu. Kwenye karatasi "mtoto" alikuwa amebaki mstari wa juu na "shika mkono" umeshuka chini. Mtoto akifika ukingoni jicho linaruka, mkono unasita, na hapo ndipo rikoda zote zilikuwa zinapotea. Miezi miwili nadhani tatizo ni nota.

Sasa kila kipande kina mstari wake. Kazi yenyewe ina ukorofi, kwa sababu kipande cha pili cha wimbo huu kinaanza nusu mpigo kabla ya mpigo mzito, na MuseScore inakubali kuvunja mstari pale tu penye mstari wa wima unaotenga kipimo na kipimo. Inabidi nikigawe kipimo kile mara mbili, halafu nizuie programu isihesabu nusu hizo kama vipimo viwili. Dakika 20 kwa wimbo mmoja. Sijutii.

Katika kupanga upya nikaona kosa langu jingine, la aibu zaidi. Neno "mtoto" nilikuwa nimelipa nota mbili, to-to, na ile "m" nimeibandika mbele kama pambo. Mtu yeyote anayehesabu mizani anajua m-to-to ni tatu, na m-ko-no ni tatu. Watoto walikuwa wanaimba sawasawa, karatasi ndiyo ilikuwa haisemi Kiswahili. Na "imejaa" nayo: ja-a, nota mbili, zikiandikwa mbalimbali. (Tulipoteza nusu saa darasani kwa hili. Mbu ana mizani mbili na mbuzi ana mbili pia, ingawa mbuzi ni mkubwa zaidi. Hawakuniamini hadi wakapiga makofi.)

Mei

Watoto wa kwaya bado walikuwa na shida moja: do yao inahama. Leo iko mstari wa chini, wiki ijayo tumebadili ufunguo, imepanda. Hapo nikakumbuka Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyepaka rangi mistari na kuziacha nota zenyewe: manjano kwa C, nyekundu kwa F. Nami nikaamua mstari mmoja tu, au nafasi moja, pale do inapokaa. Kopi zinatoka nyeusi, shilingi 5. Rangi wanaipaka wenyewe kwa krayoni, yoyote waitakayo, kabla hatujapiga sauti hata moja.

Kumbe ile kuipaka ndiyo iliyosaidia. Huwezi kupaka mstari wa do bila kwanza kuutafuta, na ukishaupata, mi na so unazihesabu kutoka pale. Yule mvulana wangu wa nyekundu na kijani anapaka bluu.

Jumamosi iliyopita niliwapa wimbo wasioujua, nikatoka nje kupokea simu. Niliporudi walikuwa wamefika nusu, polepole, kwa kugombana. Kipande cha pili walikipiga juu zaidi kuliko kilivyoandikwa. Nilipoangalia, mmoja alikuwa amepaka nafasi badala ya mstari, na wengine wote wamenakili kwake.

Wiki ijayo: krayoni zaidi, na wakae mbalimbali.