Krishna Sobti hakutaka maneno yake yaguswe

Mwaka 1952 Krishna Sobti, mwandishi wa India aliyeandika kwa Kihindi, alikuwa na miaka 27, na riwaya yake ya kwanza, Channa, ilikuwa tayari mtamboni huko Allahabad. Kurasa za mwanzo zikamfikia. Akasoma, akakuta maneno yake ya Kipunjabi na Kiurdu yameng'olewa na mahali pake pamewekwa ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, yale yaliyohesabiwa kuwa safi. Akaagiza kazi isimame. Tena akalipa yeye mwenyewe ili kurasa zilizokwisha kuchapwa ziharibiwe.

Mimi kazi yangu ni kuhariri miswada ya watu, kwa hiyo kisa hiki kinanigusa kutoka upande wa pili wa meza. Nadhani naelewa kilichokuwa kinapita kichwani mwa mhariri aliyeyabadilisha maneno yale. India imegawanywa juzijuzi tu, Kiurdu kimekuwa cha Pakistani, Kihindi kimeandikwa kwenye katiba ya 1950 kuwa lugha rasmi, na wapo wanaotaka kionekane hakina undugu na jirani. Pengine aliamini anamsaidia binti mchanga. Hata kwetu mambo haya yapo: mshairi wa Mombasa anaandika "ndia" na "moya", kisha mtu ofisini anamrudishia "njia" na "moja" kwa kalamu nyekundu, na mizani imeharibika.

Sobti alizaliwa Gujrat mwaka 1925. Si ile Gujarat waliyotoka wenye maduka wengi wa Zanzibar na Mombasa; hii ni Gujrat ya Punjab, ambayo tangu 1947 iko Pakistani. Alikuwa amesoma Lahore. Mpaka ulipochorwa, yeye akabaki upande wa India bila kwao, akapata kazi ya kumlea na kumfundisha maharaja mtoto wa Sirohi, jimbo dogo lililopakana na Gujarat nyingine. Miaka 70 baadaye, mwaka 2017, aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, na jina lake linasema tu kwamba ametoka Gujarat ya Pakistani kwenda Gujarat ya India. Ucheshi mkavu kabisa.

Hadithi yake fupi ya 1948, "Sikka Badal Gaya", ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeniuliza aanzie wapi. Bibi kizee Mhindu, Shahni, anaondolewa kijijini kwake kwa lori wakati wa mgawanyo huo. Miongoni mwa wanaomzunguka yumo kijana aliyemlea mwenyewe, Shera, ambaye amefika hatua ya kufikiria kumuua. Ofisa wa polisi, kwa haya, anamwambia achukue angalau dhahabu kidogo. Shahni anamjibu kwamba dhahabu yake imetandazwa mashambani. Hapigi kelele, hamlaani mtu. Mhariri wa jarida la Pratik, Agyeya, aliichapa kama ilivyokuja, hakugusa neno, na nadhani hapo ndipo Sobti alipojipimia haki yake.

Channa ilikaa. Baadaye Sheila Sandhu wa shirika la uchapishaji la Rajkamal Prakashan akamshawishi airudie, naye akaifanyia kazi upya hata ikatoka mwaka 1979 kwa jina la Zindaginama. Ni kijiji kizima cha Punjab mwanzoni mwa karne ya 20: Waislamu, Wahindu, Masingasinga, madeni, sherehe, umbeya, mashairi. Ukitafuta shujaa mmoja utachoka. Ilimpa tuzo ya Sahitya Akademi, akademi ya fasihi ya taifa la India, mwaka 1980. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, na nakiri inakuwa kazi kubwa. Kile alichokipigania ndicho kinachopotea njiani.

Kwa wengi, hata hivyo, Sobti ni Mitro. Mitro Marjani ya 1966 ina mke kijana katika nyumba ya ukoo, anayesema waziwazi mbele ya wakwe kwamba mwili wake una njaa. Watu walishtuka. Mimi kilichonishangaza ni jinsi mwandishi asivyomwadhibu. Na Sobti huyohuyo alikuwa akijigeuza mwanamume katika maandishi kwa jina la Hashmat, akiwachora waandishi wenzake kwa kejeli ya kirafiki.

Sasa lile linalonikera. Amrita Pritam, malkia wa ushairi wa Kipunjabi na mtu waliyejuana vizuri, alitoa kitabu kiitwacho Hardatt ka Zindaginama. Mwaka 1984 Sobti akamshtaki: jina ni langu. Kesi ikaburuzwa hadi 2011. Mwandishi Khushwant Singh alitoa ushahidi kwamba neno hilo lilikwishatumika, na kweli Bhai Nand Lal, mshairi wa Masingasinga, alikuwa na Zindaginama yake ya Kiajemi karne kadhaa kabla. Pritam alishinda, akiwa amekwisha kufa miaka sita. Sehemu za Zindaginama ya Sobti zilizokusudiwa kufuata hazikutoka.

Nimegeuza jambo hili mara nyingi. Kule Allahabad alitetea maneno ya wanakijiji yasifukuzwe kitabuni mwake. Kwenye kesi ya Delhi alitaka neno la watu wote liwe lake peke yake. Ya kwanza namvulia kofia. Ya pili sikubaliani nayo hata kidogo, ila siwezi kuzitenganisha. Mwandishi mwenye shingo laini angekubali kurasa zile za 1952, na leo tusingekuwa na kesi wala riwaya.

Shingo hiyo haikulainika na uzee. Mwaka 2010 alikataa Padma Bhushan, nishani ya serikali, akisema mwandishi akae mbali na wenye mamlaka. Mwaka 2015, baada ya msomi M. M. Kalburgi kuuawa, alikuwa miongoni mwa waandishi waliorudisha tuzo zao za Akademi. Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi, aliipokea, mwaka 2017, lakini hiyo hutolewa na taasisi binafsi. Kabla ya hayo, akiwa na zaidi ya miaka 70, aliolewa na Shivnath, mwandishi wa lugha ya Kidogri. Habari hiyo ilinifanya nicheke kwa furaha.

Alifariki Delhi Januari 2019. Mwaka huohuo Channa ilichapishwa, miaka 67 baada ya kurasa zile kuharibiwa. Nasubiri tafsiri, na nitaisoma nikiwa na hamu ya kujua ni maneno gani hasa yaliyomkera yule mhariri.