Jinsi nilivyorekebisha spektra ya fluoresini iliyosogea

Fluoresini, rangi inayong'aa inapomulikwa, niliyoitengeneza kwa kupasha moto resosinoli na anihidridi ya fthaliki ilikuwa safi, lakini kilele cha mwanga wake kilisogea kuelekea wekundu, mbali na urefu wa wimbi wa nanomita 514 unaotarajiwa katika maji yenye alkali. Chanzo kilikuwa ukolezi: kwa kuwa spektra ya ufyonzaji (mchoro wa mawimbi ya mwanga yanayofyonzwa), yenye kilele karibu na nanomita 490, huingiliana na ile ya utoaji, molekuli zilikuwa zikifyonza tena mwanga wa mawimbi mafupi kabla haujatoka kwenye myeyusho. Niliuzimua mpaka ufyonzaji ukashuka chini ya 0.1, nikaiweka pH juu ya 9 ili karibu molekuli zote ziwe na chaji mbili hasi, na kilele kikarudi mahali pake. Kabla ya hatua hiyo, kwa maoni yangu, hakuna kipimo cha ufanisi wa fluoresensi (kutoa mwanga baada ya kufyonza mwingine) kinachostahili kuaminiwa.