Kipande cha Pili

Kijana wangu karudi skuli na swali la somo la biashara. Kikundi kidogo kinataka kutangaza bidhaa zake: kiajiri mtu wa nusu siku, au kiipe kazi kampuni ya nje? Mwalimu kataka faida tatu na hasara tatu za kila upande. Nikamtajia zile za vitabuni. Mwajiriwa yuko karibu na malipo yake yanabebeka, lakini ni mtu mmoja, akiumwa kazi inalala. Kampuni inakuja na mpiga picha, mchoraji na mtu wa matangazo kwa pamoja, lakini inataka mkataba, na wewe ni mteja mmoja kati ya wengi. Akaandika, akaridhika, akaenda zake kucheza mpira. Mimi nikabaki na mambo yangu kichwani, maana swali lile tulishaulizwa sisi wa kikundi cha sabuni ya mwani, na jibu lake lilitugawa.

Ilikuwa Jambiani, Unguja, kabla ya corona, katika chumba kile cha sabuni nyuma ya nyumba ya Bi Mkubwa. Hali ya mwani mnaijua. Tangu ulipoanza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki mwaka 1989, anayekaa majini mpaka kiunoni ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Zama zile kilo kavu ya spinosum, mwani wa bei ya chini, ilikuwa haifiki bei ya kilo ya mchele, na cottonii, mwani wa aina ya pili wenye bei nzuri, ulikuwa ukitufia kwa joto la maji. Kazi ya kuuongezea mwani thamani, ambayo mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya na wenzake walianza kuvifundisha vikundi mwaka 2006, nasi ikatufikia. Tukasaga mwani, tukatia mafuta ya nazi, karafuu, mchaichai. Sabuni zikatoka nzuri kwa kweli. Zikajaa kwenye rafu, zikakaa.

Mwenyekiti alitaka kampuni ya matangazo kutoka Dar. Mimi nilimtaka binti yetu, yule aliyekuwa akisoma chuo Tunguu, ambaye siku asizo na kipindi alikuwa akitupelekea maboksi madukani na hotelini. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: ada ya kampuni ya mwezi mmoja ingetosha kumlipa binti tangu Mfungo Mosi mpaka Mfungo Sita, yaani miezi sita, na kampuni haikukubali mkataba wa chini ya miezi sita. Juu ya ada, fedha ya kulipia matangazo yenyewe kwenye Facebook na Instagram ilikuwa mbali. Lakini Mwenyekiti naye alikuwa na hoja, tena nzito. Binti ana mitihani. Binti ataolewa. Na nani kati yetu angejua kama anachokifanya kwenye simu ni kazi au ni mchezo? Mtu wa nusu siku anahitaji wa kumwongoza, na sisi sote tulikuwa watu wa kamba na vigingi vya mwani.

Tukawaita watu wa kampuni waje. Wakaja siku ya bamvua, wakati watu wametoka pwani, kanga zimelowa mpaka magotini, chumba kizima kinanuka chumvi na karafuu. Walikuwa wawili, kaka mmoja na dada mmoja. Kaka akatandika kompyuta juu ya meza ya kukatia sabuni, akatuonesha picha: ufukwe, mnazi ulioinama, mwanamke kafumba macho na povu shingoni. Wengine walipenda. Mimi nilikaa kimya nikisubiri kuona kosa, maana nilishajiandaa kukataa.

Yule dada ndiye aliyenigeuza. Alikuwa hajasema kitu tangu salamu. Alikuwa akiigeuzageuza sabuni mkononi, akainusa, akaiweka chini polepole, halafu akauliza, "Samahani mama zangu. Mgeni ananunua kipande kimoja, anapanda ndege anakwenda kwao. Nani ananunua cha pili?"

Hakuna aliyejibu. Nakumbuka jenereta la hoteli ya jirani likiunguruma, na Bi Mkubwa akikamua pindo la kanga yake, maji yakidondoka kwenye sakafu ya saruji. Tulikuwa tumehesabu vilivyouzwa. Vilivyorudiwa kununuliwa hatukuwa tumevihesabu, wala haikutupitia kwamba vinahesabika. Mwenyekiti akasema, "Mgeni akija mwengine." Yule dada akatikisa kichwa kwa adabu, akasema mgeni mwengine ni kipande cha kwanza tena, na matangazo ya kumpata mgeni mpya kila siku ndiyo yanayokula fedha. Akauliza tena: masika, hoteli zikifunga, nani ananunua?

Hapo ndipo sauti ikatoka mlangoni. Binti alikuwa kasimama na boksi tupu mkononi, hata viatu hajavua.

"Yupo," akasema.

"Ingia ndani, mwanangu, useme," Bi Mkubwa akamwambia.

Akaingia. Akasema yupo mama mmoja Paje, anakanda watu mwili, kila mwisho wa mwezi anamtumia ujumbe apelekewe, masika na kiangazi. Yupo mwenye nyumba ya wageni Bwejuu, anaweka kipande kila chumba. Yupo bibi harusi wa Makunduchi aliyenunua vya kugawa, na dada zake sasa wanaagiza wenyewe kwa gari ya abiria. Akawataja mmoja mmoja, na kila mmoja anapenda harufu gani. Alikuwa nao wote kichwani na kwenye WhatsApp yake, na sisi tulikuwa hatujawahi kumuuliza.

Yule kaka akaanza kufunga kompyuta. Dada akamkazia macho binti kwa muda, kisha akatugeukia sisi, akasema jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Alisema mkimchukua huyu, na mkitusikiliza sisi kwa moja tu, fungueni ukurasa kwa namba ya simu ya kikundi, si namba yake, wala si yetu. Neno la siri liwe kwenu. Na majina hayo aliyoyataja yaandikwe kwenye daftari leo hii.

Tukamchukua binti. Mikono ilinyooshwa, Mwenyekiti akakubali bila kinyongo, na daftari likaanza kuandikwa jioni ile.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka. Mwaka wa kwanza haukuwa na maajabu. Picha zake zilikuwa za kawaida, na ukurasa ulilala kila ulipofika wakati wa mitihani, kama alivyotabiri Mwenyekiti. Machi 2020 ndege zikakatika, hoteli zikafunga, pwani nzima ikawa kimya. Kila mlango wa duka ukawekwa ndoo ya maji ya kunawa, na binti akawaandikia watu wote wa kwenye daftari kwamba sabuni ipo na inaletwa mpaka nyumbani. Tuliuza. Si kwa bei ya mgeni, lakini tuliuza, na mikopo ya skuli za watoto ililipika. Kampuni ya Dar ingeweza kutufanyia vile? Labda. Nimejaribu kujiaminisha kwamba isingeweza, nikashindwa, maana wazo la daftari lilikuwa lao.

Kisha binti akamaliza chuo, hoteli moja ya Nungwi ikamchukua kwa mshahara kamili, nasi tukamwombea heri. Ukurasa ukabaki, namba ikabaki, majina yakabaki. Bila onyo la yule dada angeondoka na duka zima kichwani mwake, tena bila nia mbaya. Kijana aliyekuja baada yake anapiga picha nzuri zaidi, lakini hapeleki maboksi mwenyewe, na naona majina mapya kwenye daftari yanaingia machache.

Sasa kuna mnunuzi wa nje anataka mzigo. Anataka maelezo ya kila kiambato, lebo kwa lugha mbili, picha za bidhaa juu ya rangi nyeupe, na karatasi za vipimo. Kijana wetu wa nusu siku hawezi hayo yote, na si haki kumtwika. Mimi, niliyeipinga kampuni wakati ule, safari hii nataka tuwaite waje kwa kazi hiyo moja, walipwe, waende. Mwenyekiti, aliyeitaka, hataki tena. Anasema tukianza kulipa watu wa nje hatutaacha. Nimemwomba tukae sote bamvua likipita, na huyu kijana awepo ndani tangu mwanzo wa kikao.