Kesi za ukatili wa vita hufia kwenye makaratasi

Mkaazi wa Cheptais au Kopsiro akiuliza kama walioteswa Mlima Elgon mwaka 2008 bado wanaweza kudai haki, jibu linategemea mlango anaobisha. Uhalifu wa kivita hauna kikomo cha muda. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 29 cha Mkataba wa Roma, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague, ambao Kenya iliuridhia Machi 2005, miaka mitatu kabla ya jeshi kupanda mlimani kwa Operesheni Okoa Maisha dhidi ya SLDF, kundi la wapiganaji wa Sabaot. Mlango wa Arusha, yaani Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ni mwembamba zaidi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 30(2), unatoa miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu mlalamishi akijue. IMLU, shirika la kutetea waathiriwa wa mateso, lilipeleka huko malalamiko ya Mlima Elgon mwaka 2010. Kitengo cha awali kilikubali kuyasikiliza, lakini Machi 2012 kitengo cha rufaa kikayatupa kwa sababu muda ulikuwa umepita. Swali la kama watu waliteswa halikuamuliwa kamwe. Mpaka leo jambo hilo linauma.

Kuna mkanganyo mwingine. Mauaji ya Nakuru na Naivasha baada ya uchaguzi wa 2007 yalifikishwa The Hague kama uhalifu dhidi ya ubinadamu, si uhalifu wa kivita, maana hapakuwa na vita. Vita vya ndani huhitaji kundi lililojipanga na mapigano makali ya kutosha. SLDF walikuwa na makamanda na bunduki, hivyo hoja ya vita ilikuwa na uzito Mlima Elgon. Na sheria ya vita hubana pande zote: mwanajeshi anayemtesa mateka, na mpiganaji wa msituni anayemkata raia sikio, wote wanavunja kifungu cha 3 kinachorudiwa katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949.

Ushahidi ndio unaoniumiza kichwa zaidi, kwa sababu unaharibiwa na watu wenye nia njema. Picha ya jeraha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, na tarehe na mahali vilivyofichwa ndani yake hupotea. Acha faili ya kwanza kwenye simu ilikopigiwa, usiikate wala kuipamba, na ukilazimika kuituma, itume kama hati. Kortini utahitaji pia cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kueleza ilivyopatikana. Nguo zenye damu usizifue. Zikauke kivulini, kisha uziweke kwenye bahasha ya khaki, kila moja na yake. Plastiki hushika unyevu na kuotesha ukungu. Nenda hospitali kwanza, uhifadhi karatasi za matibabu, kwa sababu daktari atakayejaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, baadaye huzitegemea, hasa makovu yakishapona. Shahidi naye asihojiwe na kila mgeni anayefika kijijini. Kila maelezo mapya huzaa tofauti ndogo, na wakili wa mshtakiwa huishi kwa tofauti hizo. Aandikiwe mara moja, aliyoyaona yatengwe na aliyoyasikia. Kaburi lisiguswe bila amri ya korti na mpasuaji wa maiti.

Hata hayo yote hayamfikii mkubwa aliyekaa kambini. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma kinadai uonyeshe kwamba kamanda aliwadhibiti askari kikweli, alijua au alipaswa kujua, na hakuchukua hatua za kuzuia au kuadhibu. Jean-Pierre Bemba, kiongozi wa wapiganaji kutoka Kongo, alihukumiwa na ICC miaka 18 mwaka 2016, akaachiliwa kwa rufaa 2018, hasa juu ya hatua hizo. Kwa hiyo andika nembo begani, nambari ya lori, jina la kambi, na zaidi ya yote malalamiko yaliyopelekwa kwa wakubwa: nani aliyapokea, tarehe gani. Barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa huonyesha kwamba kamanda aliarifiwa.

IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, huchunguza polisi, si wanajeshi. Malalamiko dhidi ya jeshi yapeleke kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, iliyo na ofisi Kisumu, na ubaki na nakala yenye muhuri. Mashtaka yenyewe, chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, husikilizwa na Mahakama Kuu.