Ntaria kwanza, kuogelea baadae: siku moja magharibi ya Alice Springs

Septemba nilikua Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, kwa dada yangu, yeye ni nesi pale ana miaka mitatu sasa, na toka sijapanda hata ndege alikua ananisimulia Ellery Creek Big Hole, kwamba kuna maji katikati ya jangwa, maji mengi ya kina kabisa sio kidimbwi, na majabali mekundu yamesimama huku na huku. Mimi nilikua na hamu moja tu, nifike Ntaria, kijiji alikozaliwa mchoraji Albert Namatjira. Siku ya kuwa pamoja tulikua na moja tu, Jumapili, Jumatatu anaingia shifti. Tukabishana jikoni mpaka saa tano usiku. Dada anasema tuanzie kwenye maji sababu ni karibu, kama kilomita 90 tu, alafu tukipata muda ndo twende kwa huyo mchoraji wako. Nikamwambia dada, umeshaenda kuogelea pale mara ngapi? Akasema nne. Na Ntaria? Hajawahi. Basi, nikamwambia kesho tunaanzia Ntaria.

Nilishinda, na nafurahi mpaka leo, sababu nikiwaza kwamba ningeingia kwenye yale maji bila kuona zile picha kwanza, naona ningeoga tu kama mtu anayeoga popote.

Kabla sijasahau, kama haukai Northern Territory, yaani eneo lenye Alice Springs, nunua pasi ya hifadhi kwenye intaneti ukiwa bado mjini. Ilianza 2023, mimi nililipa dola 10 za siku moja, wakazi kama dada hawalipi. Ukishatoka mji netiweki inakatika haraka, hapo utanunulia wapi? Maji ya kunywa bebeni mengi, na wavu wa kufunika uso ukiupata utanishukuru maana nzi wa kule wanakaa mdomoni kabisa.

Tumetoka saa moja asubuhi kwa Larapinta Drive. Ni lami mpaka Ntaria, kama kilomita 125, na safu ya milima unakua nayo mkono wa kulia karibu safari nzima. Kwa kule jua linapita upande wa kaskazini, kwahiyo sisi tuliopita kusini ya milima tulikua tunaangalia upande wenye kivuli, na kile kivuli sio cheusi jamani. Ni bluu. Kwenye mabonde inakolea inakua zambarau kabisa kama ya biringanya, alafu chini yake nyasi za njano, alafu ghafla mkalitusi mmoja mweupee, gome lake kama limepakwa chokaa, umesimama peke yake. Nilishaona picha za Namatjira vitabuni na kichwani nilikua najiambia ah, rangi hizi kazikoleza, mchoraji ana ruhusa yake. Hapana. Alichora alichokiona.

Kuna mikalitusi pacha alikua anaichora sana, ilikua pembeni ya barabara hiyohiyo, mashuhuri mno, watu walikua wanasimama kupiga picha. Mwanzoni mwa 2013 ikakutwa imechomwa moto. Nilimwambia dada akanyamaza, akapunguza mwendo kidogo.

Ntaria ndo jina la wenyewe, Waarrernte wa magharibi. Kwenye ramani utaona Hermannsburg, hilo lililetwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walioanza misheni pale 1877. Majengo ya zamani yapo bado, ya mawe yamepakwa chokaa nyeupe, kanisa dogo, mitende, na kuna sehemu ya chai wanauza keki ya matufaha ya Kijerumani ambayo dada alikula mbili. Unalipa kiingilio kuona majengo. Lakini ni mahali watu wanaishi, sio makumbusho kijiji kizima, kwahiyo usizunguke na kamera kwenye nyumba za watu na usiwapige picha bila kuomba, na pombe usiende nayo.

Sasa niseme kuhusu Namatjira maana ndo kilichonipeleka.

Kazaliwa 1902 palepale misheni. Alikua anafanya kazi za mikono, useremala, kuchunga, kuendesha ngamia. Wakaja wachoraji wazungu toka kusini wakaonyesha picha zao misheni, mmoja ni Rex Battarbee, na Namatjira akaona anaweza. Mwaka 1936 akaenda na Battarbee safari ya kuchora, yeye ndo mtu wa ngamia na mtu wa kuonyesha njia, na malipo yake akataka afundishwe rangi za maji. Angalia hapo, mwenye nchi anampeleka mgeni aione nchi, mgeni anampa brashi. Miaka miwili baadae, 1938, akafanya maonyesho Melbourne, picha zote zikanunuliwa.

Ikawa umaarufu kweli kweli. Malkia Elizabeth alimpa medali 1953, mwaka uliofuata wakakutana uso kwa uso Canberra. Na mtu huyohuyo, aliyekua analipa kodi ya mapato kama wengine, aliomba kibali cha malisho ya mifugo akanyimwa, alitaka kujenga nyumba Alice Springs akakataliwa, kwa sababu ni Mwaborijini, mwenyeji wa asili wa Australia. Nilisoma hayo nimesimama kwenye chumba chenye picha zake ukutani, mlima baada ya mlima, kila mlima anaujua jina na hadithi yake, nikawaza: mtu ameijua ardhi hii kuliko yeyote aliyemnyima, na hapewi hata kiwanja.

Mwaka 1957 yeye na mkewe wakaondolewa kwenye ile orodha ya watu walio chini ya uangalizi wa serikali, yaani wakapata haki za raia, kupiga kura, kununua pombe. Wanae hapana. Ndugu zake hapana. Sasa kwa mila zao ukiwa nacho unagawana, hakuna mtu anayekaa na kitu peke yake ndugu wakiangalia, na hilo naona msomaji wa Kiswahili halihitaji maelezo marefu. Mwaka 1958 akashtakiwa kwa kumpa pombe mtu wake. Wakamhukumu miezi sita, ikapunguzwa mitatu, akatumikia kama miwili kizuizini Papunya, makazi mengine ya Waaborijini jangwani. Agosti 1959 akafariki, miaka 57.

Kitu kinachonikaa moyoni ni hiyo Papunya. Ni hapohapo, 1971, wazee walianza kupaka kwenye mbao ile michoro ya nukta na mistari ambayo dunia nzima sasa inaijua kama sanaa ya jangwa la Australia, na 1972 wakaunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, ina duka mpaka leo Alice Springs. Wengi wanadhani nukta ndo sanaa ya Kiaborijini na picha za Namatjira ni za kuiga wazungu, wahakiki wa mjini walikua wanasema hivo tangu zamani. Mimi siwaamini. Mtu aliyechora mlima Rwetyepme mara nyingi vile (kwenye ramani Mount Sonder) hakua anatafuta mandhari nzuri ya kuuza, alikua anasema huyu ni wetu, kwa lugha ambayo mgeni anaweza kuisoma.

Hata baada ya kufa kwake haki miliki ya picha iliuzwa 1983 na ofisi ya serikali kwa dola 8,500, familia ikawa haipati kitu kwa kila picha inayochapishwa. Ilirudi 2017 kwa taasisi ya familia, kwa dola moja. Miaka 34. Na 2020 kitukuu chake, Vincent Namatjira, akashinda tuzo ya Archibald, tuzo kubwa ya Australia ya kuchora sura za watu, Mwaborijini wa kwanza kuishinda toka ianzishwe 1921.

Wajukuu na vitukuu wengi bado wanachora rangi za maji. Na kina mama wa Ntaria wanafinyanga vyungu, toka 1990, vyungu vya mviringo vyenye vifuniko na juu ya kifuniko kuna ndege au mnyama wa udongo amekaa, na kuzunguka chungu wamechora milima ileile. Vizuri mno! Nilichukua picha ndogo ya rangi za maji, ukubwa wa daftari, mlima na mkalitusi mmoja, ina cheti nyuma chenye jina la msanii. Ukinunua huko uliza hicho cheti, ununue kwenye vituo vya wasanii wenyewe, vitu vya kuiga ni vingi kwenye maduka ya zawadi, boomerang, ile fimbo ya kurusha, imetengenezwa nchi nyingine kabisa na msanii wa kule hana habari.

Saa sita tukageuza. Unarudi mpaka njia panda, unashika Namatjira Drive, ndio, barabara ina jina lake, alafu kipande cha mwisho kama kilomita mbili ni vumbi ila gari ndogo inapita. Toka pa kuegesha unatembea dakika chache chini ya mikalitusi ya mtoni, mchanga unaanza, alafu mlima unapasuka mbele yako.

Udepata ndo jina la Kiarrernte. Mto umekata safu yote ya milima kwa mafuriko ya miaka isiyohesabika, na pale ulipokata ukabaki na bwawa la kina, maji ya kijani kibichi karibu meusi, ukuta wa jabali jekundu kushoto na kulia. Dada alishaingia, hata hakunisubiri. Mimi niliweka mguu nikautoa. Baridi! Nje jua kali unatoka jasho, maji kama yametoka kwenye friji, maana yana kina na jabali linayawekea kivuli sehemu kubwa ya siku. Sio utani hili, watu wanashikwa na ganzi katikati kule, kwahiyo usivuke bila kitu cha kuelea, dada ana boya lake la tairi kila safari.

Niliingia kidogo kidogo, magoti, kiuno, kifua, pumzi ikakata, nikahesabu mpaka ishirini, ikaachia. Alafu nikalala chali. Masikio yakiwa ndani ya maji husikii mtu, unaona tu mpasuko wa anga juu na kuta mbili, na ule ukuta niliufahamu. Asubuhi niliuona ukutani Ntaria, sio huuhuu labda, lakini namna ile, wekundu juu alafu kivuli cha bluu kinaanza palepale mstari mmoja kama umekatwa kwa wembe, alafu mguuni mti mweupe. Nilikua ndani ya picha. Sina namna nyingine ya kusema.

Na Ellery Creek, maji yakija ya mvua, inashuka kusini inaingia mto Finke, Larapinta wenyewe wanauita, mto uleule unaopita Ntaria. Siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu, umekauka, unapita daraja hujui kama ni mto. Kumbe bwawa nililolalia na mchanga niliokanyaga asubuhi ni mto mmoja. Dada nilimwambia hilo tukiwa tumekaa mchangani tunatetemeka na taulo, akasema miaka mitatu napita juu ya mto huu sijawahi kuuliza unaenda wapi.

Tukasogea mbele kama kilomita 20 mpaka kwenye machimbo ya udongo wa rangi, kuta za mto mkavu zina mistari ya njano, nyekundu, kahawia, nyeupe, imesimama wima. Waarrernte wanauchukua huo kwa ajili ya sherehe zao na dawa toka zamani sana, mgeni haruhusiwi kuchukua hata chembe, ni kosa kisheria. Tulikaa kidogo tu, jua lilishaanza kushuka.

Kurudi pia dada ndo aliendesha, mimi picha yangu nimeipakata. Jua likiwa nyuma yetu milima ikawaka, nyekundu ya kaa la moto, dakika kumi hivi, alafu ikaanza kuzima toka chini kwenda juu, bluu, zambarau. Dada akasimamisha gari pembeni bila kusema kitu. Akaniomba picha, akainyoosha mbele ya kioo, akaangalia picha, akaangalia mlima, akaangalia picha tena.

Jana kanitumia ujumbe, amepata ofu mbili mfululizo mwezi ujao, anarudi Ntaria na nesi mwenzie, na anataka nimtajie tena jina la ule mlima wenye majina mawili. Rwetyepme, dada.